Waulize wamekula nini

Lubumbashi, Katuba

Mwanangu,

Umeniuliza kama ukivunje kikosi chote cha mpira wa kikapu cha chuo, kwa kuwa mmefungwa mechi nane mfululizo, ulete vijana warefu kutoka Likasi. Mimi ujinga huo niliufanya kabla yako.

Nilipopewa timu ya mtaa hapa Katuba, niliwafukuza watano kwa siku moja. Nikaleta majitu, nikawaahidi viatu. Viatu havikuja. Baada ya miezi miwili nilikuwa nafundisha watu wanne na mbuzi aliyezoea kulala chini ya kikapu. Mama yako anacheka mpaka leo.

Unamkumbuka marehemu Dikembe Mutombo, Mkongo mwenzetu aliyevuma kwa mpira wa kikapu. Georgetown, chuo alichochezea kule Marekani, kilikuwa taabani zamani: msimu wa 1971-72 kilishinda mechi 3, kikafungwa 23. Ndipo akaitwa John Thompson awe kocha. Msimu wake wa kwanza alishinda 12, akafungwa 14. Yaani bado alikuwa anafungwa! Ubingwa wa vyuo aliupata 1984. Ni kweli alileta wachezaji wapya, lakini baadhi yao alikuwa amewafundisha mwenyewe sekondari, hakuwaokota njiani. Akamleta pia mwalimu, Mary Fenlon, awasimamie masomo. Na mezani kwake aliweka mpira uliokwisha upepo, ili kila kijana ajiulize: mpira ukiisha, nabaki na nini?

Sasa turudi kwako. Umeandika kwamba hadi robo ya tatu mnakwenda sawasawa, kisha robo ya nne miguu inakwisha, kila mtu anamtazama mpinzani akipita. Mwanangu, hapo urefu unahusika wapi? Mazoezi yako ni saa kumi na moja jioni. Waulize wamekula nini tangu asubuhi. Na yule mrefu wako anayekosa mazoezi, umemwita mvivu, umeshamfuata anakokaa? Huenda anabeba mizigo sokoni apate minervali, ile ada ya chuo. Ujue pia nani hajanunua silabasi, yale maandishi ya somo ya profesa, maana atakayeanguka mtihani hata mwakani hutakuwa naye.

Hamisha mazoezi yawe alfajiri, kabla ya masomo, na uji uwe tayari wakimaliza. Mbinu za ulinzi tutazizungumza kwa simu.

Jumamosi natuma kilo 25 za unga kwa basi la Kolwezi. Nenda ukaupokee mwenyewe. Safari iliyopita kidumu cha mawese kilikufikia nusu.

Baba yako