Mtoto kunenepa: si damu peke yake

Dada wa Gungu, umeuliza kama mwanao wa miaka 8 ananenepa kwa sababu "ni damu ya kwa baba yake". Damu ina sehemu yake, ila mtoto hurithi pia mazoea ya nyumbani, na hayo mnaweza kuyabadilisha.

Anza na mwendo. Umri huo anahitaji angalau dakika 60 kila siku za kuhema na kutoka jasho. Umesema bodaboda inampeleka shule na kumrudisha, halafu ni runinga mpaka giza. Kama shule iko kilomita moja, kwenda na kurudi kwa miguu na watoto wa jirani kunampa karibu nusu ya dakika hizo. Zilizobaki ni mpira au kamba jioni. Baba naye atoke naye. Mtoto akiona wakubwa wanapanda pikipiki hata kwenda dukani, kumhimiza kwa maneno hakusaidii.

Chakula usimnyime, bado anarefuka. Mawese pima kwa kijiko, maana kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 120. Soda ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko 9 vya chai, ibaki ya sikukuu. Na tafadhali, bibi asimlazimishe kumaliza sahani: akisema ameshiba, ameshiba. Wala msimwite "bonge", aibu itamtoa uwanjani.

Kliniki wampime uzito pamoja na kimo. Akianza kunywa maji mno na kukojoa sana usiku, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.