Kabla hujachomeka ruta ya kebo

Mafundi wadogo zangu, wiki hii nimeitwa mara mbili kwa wateja waliofungiwa intaneti ya kebo juzi tu. Kote nimekuta kosa lile lile nililolifanya mwaka wangu wa kwanza kazini. Nawapenda, lakini jamani, tuelewane.

1. Pima mawimbi ukutani kabla ya kufungua boksi. Mapokezi yawe karibu na sifuri dBmV (kipimo cha nguvu ya mawimbi). Yakizidi 7 juu au chini, simama hapo. Splita (kigawanya kebo) ya njia mbili inakula desibeli 3.5, ya njia nne inakula 7, kwa hiyo zile alizopachika mteja nyuma ya TV zitoe. Konekta kaza kwa spana. Kelele zinazoingilia kwenye konekta iliyolegea hupanda hadi kwenye nodi, kituo kinacholisha mtaa, na majirani wote wakaumia.

2. Uliza kuna nini tayari kwenye mtandao. Mimi sikuuliza.

Ilikuwa 29 Juni jioni, kwenye saiba moja ya kompyuta 12 hapa Nairobi. Mnaijua 30 Juni: siku ya mwisho ya ritani za KRA, mamlaka ya kodi, foleni tangu alfajiri. Mama mwenye saiba alikuwa ameacha laini yake ya zamani, akaniomba ruta yake ibaki ikirusha Wi-Fi kwa wateja wenye simu. Nikaichomeka kwenye swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta zote) kwa mlango wa LAN, yaani wa mtandao wa ndani, bila kufungua mipangilio yake. Nikawasha kompyuta mbili, zikafunguka, mama akasaini fomu, nikaenda zangu.

Saa moja asubuhi akapiga simu. Tano zinafanya kazi, saba zina ile alama ya njano ya kukosa intaneti. Nikakuta watu wamejaa mpaka kwenye ngazi, fomu ya P9 ya mshahara na kodi mkononi. Nikaanza kukata waya na kukrimpu RJ45 (vichwa vya waya wa mtandao) mpya. Kila nikizima na kuwasha, moja inafufuka, nyingine inakufa. Masaa matatu mazima! Mama hakunifokea. Alisimama mlangoni akiwaelekeza wateja wake kwa jirani, mmoja mmoja, na sauti yake bado naisikia.

Mkubwa wangu akaniambia kwenye simu: "Andika ipconfig, unisomee geti-wei." Amri hiyo huonyesha anwani za kompyuta; geti-wei ni ruta ambayo kompyuta hupitia kwenda nje. Nikasoma 192.168.1.1. Ruta ya kebo ilikuwa 192.168.0.1. Ile ya zamani ilikuwa bado inagawa anwani, na kompyuta iliyopata jibu lake kwanza ilipelekwa kwenye laini iliyokatwa. DHCP (huduma inayogawa anwani) mbili kwenye swichi moja. Kuzima DHCP ya ruta ya zamani na kuipa ruta hiyo anwani 192.168.0.2 hakukufika dakika tano.

3. Mteja akitaka ruta yake iongoze, ya kebo iweke kwenye briji (ipitishe intaneti tu, isigawe anwani), kisha izime na kuiwasha upya. Modemu nyingi hukumbuka MAC (namba ya utambulisho) ya kifaa cha kwanza.

4. Wi-Fi ya 2.4 GHz: chaneli 1, 6 au 11, basi; hizo haziingiliani.

5. Kabla hujasainiwa fomu, zima kila mashine, washa zote, soma geti-wei ya kila moja. Juzi mmoja wenu ameniambia hana muda. Mimi Jumamosi iliyofuata nilirudi kwa yule mama bila kuitwa, nikazima zote 12 na kuziwasha upya mbele yake. Alivuta kiti, akawa anahesabu kwa sauti kila iliyofunguka.