Mtoto akiuliza "Yule ni polisi?" baada ya kuona bastola kiunoni: yaliyonikuta Houston

Dada, umeuliza umjibu nini binti yako wa miaka 6 aliyemwona mzee mwenye bastola kiunoni kwenye foleni ya duka, akauliza kwa sauti kama yule ni polisi. Umesema pia kaka yake wa miaka 11 alikuwepo na hakusema kitu. Mimi niko Houston, jimbo la Texas, Marekani, mwaka wa tisa sasa, nalea wawili, na swali hilohilo nililijibu vibaya mara ya kwanza.

Mwanangu alikuwa na miaka 5, kakaa kwenye toroli. Mbele yetu baba mmoja anachagua nyanya, bastola nyeusi iko ubavuni kwenye ala ya ngozi, usawa kabisa wa macho ya mtoto. Sisi wakubwa tunaangalia uso wa mtu, mtoto anaangalia mkanda. Akauliza, "Baba, yule polisi?" Nikamwambia, "Ndiyo, polisi, nyamaza." Nilitaka yaishe.

Miezi michache baadaye akanipotea kwenye duka jingine. Shuleni walishamfundisha kwamba akipotea amtafute polisi. Nilimkuta kwenye kaunta ameshikwa mkono na kijana aliyevaa kaptura, bastola kiunoni. Kijana yule alikuwa muungwana, alimpeleka kwa wahudumu bila kuchelewa na nilimshukuru kwa dhati. Lakini usiku ule usingizi haukuja. Mwanangu aliwapita wafanyakazi wa duka wenye vitambulisho vifuani, akaenda kumshika mkono mtu asiyemjua, kwa sababu mimi baba yake nilimfundisha kuwa bastola ndiyo alama ya polisi.

Tangu hapo najibu ukweli, tena kile tu alichouliza: "Hapana, siyo polisi. Ni mtu wa kawaida. Hapa Texas sheria inaruhusu watu wazima kubeba." Polisi nikamfundisha kumtambua kwa sare, beji na gari. Wewe mwenyewe jua zaidi ya hapo, maana mtoto husikia ukibabaika. Kubeba bastola wazi kwa leseni kuliruhusiwa Texas kuanzia Januari 1, 2016, na tangu Septemba 1, 2021 mwenye miaka 21 na kuendelea, kama sheria haimzuii kumiliki silaha, hahitaji hata leseni, ila bastola iwe ndani ya ala. Duka lisilotaka linaweza kubandika tangazo mlangoni, kwa Kiingereza na Kihispania, herufi za inchi moja au zaidi. Mwanangu siku hizi huyatafuta matangazo hayo kabla hatujaingia.

Swali la pili huja mkiwa kwenye gari: "Atatupiga risasi?" Hapo wengi wetu tunaijibu hofu yetu wenyewe. Mimi nimekulia Tanga, bunduki nilizoziona utotoni ni ya mlinzi wa benki na ya askari, basi. Jirani yetu, mama wa Kikongo kutoka Uvira aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, alimwona mtu wa namna hiyo akaacha toroli limejaa, akawatoa wanawe mbio. Simlaumu hata chembe. Kwao, asiye na sare akitokea na bunduki, unakimbia. Ila wanawe walikataa kwenda dukani kwa wiki kadhaa, na hakuna aliyewaeleza walichokimbia. Walianza kutulia siku mama yao alipowakalisha akawaambia: mimi niliogopa kwa ajili ya mambo niliyoyaona zamani, siyo kwa sababu yule mtu alitufanyia kitu.

Mimi humwambia wangu hivi: "Bastola ilikuwa kwenye ala, na mkono wake ulikuwa kwenye nyanya. Kazi ya kuangalia ni ya baba. Nikiona mtu ameishika mkononi, tunaacha vitu tunatoka, na hutaniuliza kwa nini mpaka tufike nje." Sentensi ya kazi ya kuangalia ndiyo iliyomrudishia usingizi. Akiuliza kwa nini watu wanabeba, mwambie wengine wanaogopa majambazi, wengine wanaona ni haki yao ya kikatiba. Usimseme vibaya yule mzee mbele ya mtoto. Kesho atayarudia shuleni kwa mwenzake ambaye baba yake anabeba.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu hili hukuliuliza. Bastola ya kiunoni angalau unaiona. Inayonitisha ni ile ya kwenye droo ya nyumba anakokwenda kucheza. Mwaka 2020 risasi zilipita ajali za magari kwa kuua watoto na vijana wa nchi hii. Sheria ya Texas inamtia hatiani mtu aliyezembea akaacha bunduki yenye risasi, mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia, lakini sheria haiingii chumbani kwa watu. Kwa malezi yetu, kumuuliza mwenyeji ana nini ndani ni kukosa adabu. Mimi nimeizoea kwa kuichanganya na mengine: mbwa yupo? Kijana wangu hali karanga. Na silaha, kama ipo, imefungiwa? Hakuna mzazi aliyewahi kunikasirikia. Watoto nao nimewakaririsha: ukiiona usiiguse, ondoka, mwambie mtu mzima, hata kama mwenzako atakuita mwoga.

Na yule wa miaka 11 aliyenyamaza ndiye ningeanza naye leo jioni. Ameshaona kwamba mzee mwenye bastola ya kweli alilipa akaenda zake. Lakini kuna Tamir Rice: alikuwa na miaka 12, mtoto mweusi, anacheza na bastola ya plastiki kwenye bustani huko Cleveland, Ohio, Novemba 2014. Polisi alimpiga risasi sekunde chache tu baada ya gari lao kufika, na Ohio pia ni jimbo ambalo mtu mzima anaruhusiwa kubeba wazi. Mwambie mwanao kwamba ruhusa aliyoiona dukani siyo yake. Bastola ya kuchezea, hata ya maji, haitoki nje ya nyumba, na ya rafiki haishiki.