Wembe wa babu umeshika kutu: maswali yenu kuhusu wembe wa kukunja

Msomaji wa Tanga: Sandukuni mwa marehemu babu nimekuta wembe wa kukunja, umeshika kutu mwili mzima. Umeandikwa Sheffield. Utanyoa tena, au niuweke tu kama kumbukumbu?

Kabla hujanunua hata msasa, utoe juani utazame makali peke yake. Kutu ya mgongoni au ubavuni haina neno, inaharibu sura tu. Kutu iliyochimba vishimo hadi ukingoni ndiyo mauti, maana kila kishimo kitakuwa pengo siku utakaponoa. Pitisha pamba taratibu kutoka mgongoni kwenda kwenye makali; ikinasa, pana pengo au ufa. Pengo dogo hunoleka likaisha. Ufa haunoleki.

Sheffield ya Uingereza na Solingen ya Ujerumani ndiyo miji iliyokuwa na jina kwa nyembe hizi. Ukiona na neno England, yaelekea wembe wako ni wa baada ya 1891, mwaka ambao Marekani ilianza kudai bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka.

Msomaji wa Mombasa: Fundi ananiambia ataing'oa kutu kwa grenda, dakika mbili tu. Nimwachie?

Mnyang'anye upesi! Wangu wa kwanza niliuua hivyo hivyo. Nilisikia harufu, nikauinua, makali yamegeuka bluu kama shingo ya tausi. Bluu hiyo maana yake chuma kimepata moto kupita kiasi na ugumu wake umekwisha: utanoa leo, kesho butu. Ukingo wa wembe ni mwembamba kama karatasi, huungua kabla kidole hakijahisi joto.

Tumia mkono. Ulaze kwenye ubao bapa, chukua msasa wa maji namba 600 wenye tone la mafuta ya cherehani, halafu 1000, halafu 2000. Sugua ukitoka mgongoni kuelekea makali, usirudishe mkono kinyume, vidole vyako unavihitaji. Kutu nyekundu ikiisha, simama. Madoa meusi yaache. Nimeona watu wakisugua hadi mhuri wa kiwanda ukafutika, wakabaki na chuma cheupe kisicho na kwao.

Msomaji wa Zanzibar: Mpini wa wangu unafanana na gamba la kasa na unanuka kafuri. Ajabu, kutu imeshika pale tu wembe unapolala ndani ya mpini.

Si ajabu. Hiyo ni seluloidi, plastiki ya zamani iliyotengenezwa kwa kafuri. Ikizeeka huoza na kutoa mvuke wenye asidi, nao ndio unaokula chuma. Mpini huo hauponi. Tia tupa kwenye vichwa vya ribiti, uutoe, uchonge mwingine wa mpingo au pembe. Usiuweke sanduku moja na nyembe nyingine, na usiusogeze karibu na moto, kwa kuwa seluloidi hushika moto upesi mno.

Msomaji wa Dar es Salaam: Nimeunoa vizuri kama ninavyonoa kisu, lakini unang'oa ndevu badala ya kunyoa.

Kosa ni hapo kwenye "kama kisu". Kisu tunakiinamisha kwa kukadiria, wembe hauinamishwi. Unene wa mgongo wake ndio unaoweka pembe, kwa hiyo ulaze kabisa, mgongo na makali viguse jiwe pamoja. Sukuma makali yakitangulia, bila nguvu. Ukifika mwisho ugeuze kwa kuuviringisha juu ya mgongo.

Halafu jiwe lenyewe. Kama ni lile la nyumbani lililonoa mapanga tangu enzi za bibi, lina bonde katikati. Lichoree mistari ya penseli, ulisugue juu ya msasa uliotandikwa kwenye kioo mpaka mistari yote ifutike. Bora zaidi, tafuta jiwe la namba 1000, na usitoke hapo mpaka wembe ukate nywele za mkono kwa urefu wake wote. Wengi huchoka hapa wakarukia mawe laini. Lakini namba 4000, 8000 na 12000 kazi yao ni kulainisha makali ambayo tayari yapo. Elekeza makali juu, chini ya taa: panapometameta ndipo pabutu.

Mwisho mkanda wa ngozi, mara 50 hivi, safari hii mgongo ukitangulia. Ukisahau, utakata mkanda.

Msomaji wa Nairobi: Naweza kuutumia pamoja na mdogo wangu?

Hapana. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili hata siku 7, na ukiuchemsha wembe unaua mpini.

Msomaji wa Tanga, tena: Na kinyozi hajinyoi! Wewe ulianzaje?

Mashavu tu, wiki mbili nzima, wembe umeinama kama nyuzi 30. Kidevu niliendelea kumpelekea kinyozi.