Shahada ya matangazo: mshahara ni wa mtoto, deni ni la nani?

SWALI: Binti yangu amekubaliwa kusomea matangazo ya biashara katika vyuo viwili hapa Texas, kimoja cha jimbo na kingine cha binafsi. Katika College Scorecard, tovuti ya serikali kuu ya kulinganisha vyuo, nimeona kwamba wahitimu wa chuo cha binafsi hupata dola 4,000 zaidi kwa mwaka, na deni la wanafunzi wa vyuo hivyo linakaribiana. Ila chuo cha binafsi kinanitaka nikope dola 15,000 kila mwaka kwa jina langu, na kile cha jimbo hakinidai hivyo. Mimi ni mtu wa Mombasa, nina kadi ya kijani, na mikopo ya huku ni migeni kwangu. Je, nitie sahihi?
Mama wa binti, Houston

JIBU: Dada yangu, hongera kwa binti kupata nafasi mbili. Kabla hujashika kalamu, litazame tena lile deni uliloliona. Ni mkopo wa serikali kuu uliochukuliwa kwa jina la mwanafunzi mwenyewe; ule wa mzazi, uitwao Parent PLUS, huwekwa kando, na mikopo ya benki haihesabiwi. Mwanafunzi anayetegemea wazazi hukopeshwa na serikali kuu hadi dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, na 7,500 kila mwaka baada ya hapo, yaani 27,000 kwa miaka minne. Ndiyo maana chuo ghali na chuo nafuu huonekana sawa: mwanafunzi akishafika kikomo, kinachozidi humwangukia mzazi.

Sasa tupige hesabu yako. Dola 15,000 kwa miaka minne ni 60,000. Kwa riba ya karibu asilimia 9, ambayo mikopo ya wazazi imekuwa ikitozwa miaka hii ya karibuni, ukilipa kwa miaka 10 utatoa kama dola 760 kila mwezi, zaidi ya 9,000 kwa mwaka, bila kuhesabu riba inayojilimbikiza binti akiwa bado darasani. Zile 4,000 za ziada atazipata yeye, tena kabla ya kodi. Hizi 9,000 utadaiwa wewe, na serikali haitamhamishia deni hilo hata akikuahidi kwa moyo safi kwamba atalilipa.

Hata huo mshahara usiuchukue kama ahadi. Tovuti hiyo huwaweka waliosomea matangazo kundi moja na waliosomea uhusiano wa umma, huwahesabu tu waliopokea msaada wa serikali kuu, na kiasi inachotoa ni cha mhitimu wa katikati: nusu ya wenzake wako juu yake, nusu chini. Na katika kazi hii, mwajiri wa mbunifu hutaka kuona matangazo aliyoyatengeneza mwenyewe, kwa hiyo viulize vyuo vyote viwili wanafunzi hufanya mazoezi ya kazi katika kampuni zipi, na kama hulipwa.

Kwa hali uliyonieleza, mimi nisingetia sahihi. Kama moyo wa binti uko kwenye chuo cha binafsi, rudini katika ofisi yake ya msaada wa fedha mkaombe ruzuku iongezwe, kisha mpewe kwa maandishi kama itaendelea kwa miaka yote minne au ni ya mwaka wa kwanza peke yake.