Kuchapa au kuchapisha lebo za msimbo pau?

SWALI: Ninaandika mwongozo wa mfumo wa ghala. Sentensi yangu inasema: "Chapisha lebo za msimbo pau kwa mahitaji kutoka kwa kanzidata, lebo 50." Mwenzangu anasema haijakaa sawa. Je, niseme chapa au chapisha? Na ni kanzidata au hifadhidata?

JIBU: Mwenzako ana hoja, ila kasoro kubwa haiko pale ulipoitafuta. Kanzidata na hifadhidata zote zinatumika kwa maana moja, yaani mkusanyo wa data uliopangwa kwenye kompyuta. Chagua moja na uishike mwongozo mzima, kwa sababu msomaji akikuta hili hapa na lile pale atadhani ni vitu viwili. Msimbo pau nao una mwenzake, msimbomilia, neno lenye milia ile ile ya punda milia. Pau ni wingi wa upau, yaani miti myembamba inayopangwa kwenye paa kabla ya kuezeka, na mfano huo unaendana vizuri na mistari ya kwenye lebo. Wingi wake ni misimbo pau: neno la kwanza ndilo linalobadilika.

Kuhusu chapa na chapisha, kutoa maandishi kwa mashine ni kuchapa, au kupiga chapa. Chapisha pia hutumika hivyo, na programu nyingi zimeliweka kwenye kitufe cha printa, kwa hiyo si kosa. Lakini limebeba pia maana ya kutoa kitu kwa umma. Ndiyo sababu mchapaji ni mwenye mtambo na mchapishaji ni mwenye kutoa kitabu. Ikiwa mfumo wako una kitufe cha kuweka orodha ya bidhaa hadharani, liache chapisha lifanye kazi hiyo, na kwa lebo useme chapa.

"Kutoka kwa" huandamana na watu: barua kutoka kwa mjomba. Kanzidata si mtu, basi data hutoka kwenye kanzidata, au katika kanzidata.

"Kwa mahitaji" inaning'inia. Msomaji atauliza: mahitaji ya nani? Unachotaka kusema ni kwamba lebo hazichapwi mapema na kuwekwa akiba, bali huchapwa kila zinapohitajika. Usikimbilie "papo hapo" pia. Hilo linasema juu ya upesi, na lebo inaweza kuchapwa inapohitajika huku printa ikichukua dakika kadhaa.

Sasa tuje kwenye "lebo 50", ambayo hukuiuliza ingawa ndiyo itakayoharibu karatasi nyingi. Je, ni lebo ileile mara 50, au ni lebo 50 zenye namba tofauti? Kwa maana ya kwanza andika "nakala 50 za lebo moja". Kwa ya pili, "lebo 50, kila moja na namba yake". Na kama kila bidhaa inapata lebo tatu, Kiswahili kina njia fupi na safi: "chapa lebo tatu tatu kwa kila bidhaa". Hapo andika kwa maneno. Ukiweka "3 3", jicho litasoma 33.

Neno namba lenyewe linataka uangalifu. Namba ya bidhaa haijumlishwi wala haizidishwi. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Mwongozo ukisema tu "weka namba", mtayarishaji wa jedwali anaweza kuipa safuwima (mstari wa jedwali unaoshuka wima) aina ya hesabu, na 0012345 itageuka 12345. Lebo itachapwa vizuri na skana itaisoma, ila bidhaa haitapatikana. Sema: "hifadhi namba ya bidhaa kama maandishi, pamoja na sifuri zake za mwanzo." Kadhalika EAN-13, aina ya msimbo pau inayotumika sana kwenye bidhaa za dukani, si "namba 13", ni namba moja ya tarakimu 13, na ya mwisho ni tarakimu ya ukaguzi, ya kugundua makosa ya usomaji, inayokokotolewa kutokana na zile 12 zilizotangulia.

Epuka pia neno "safu" peke yake. Safumlalo ni rekodi ya bidhaa moja. Safuwima ni aina moja ya taarifa kwa bidhaa zote. Fundi akiambiwa "chapa safu hii" hana namna ya kujua ni ipi.

Ukifika kwenye vipimo vya lebo, sehemu nyeupe pembeni mwa mistari iite "nafasi tupu", wala usitafsiri neno kwa neno jina lake la Kiingereza, "quiet zone", ukaleta ukimya. Kwa EAN-13 nafasi hiyo ni angalau mara 11 ya upana wa mstari mwembamba kabisa upande wa kushoto, na mara 7 kulia. Jina la bidhaa likiingia humo, skana inaweza kushindwa kutambua msimbo unaanzia wapi.

Sentensi yako, ikiwa ulimaanisha namba tofauti, iwe hivi: "Lebo za misimbo pau zichapwe kila zinapohitajika, kwa data iliyo kwenye kanzidata: lebo 50, kila moja na namba yake."