Mamangu alinilaani akiwa mgonjwa: je, nimekosa radhi yake?

SWALI: Assalamu alaikum sheikh. Naishi Majengo, na mamangu mzazi, aliyepita miaka 70, yuko kwangu. Maisha yake hajanipandishia sauti. Majuzi, baada ya Magharibi, alibadilika ghafla. Akanishika kwamba nimemwibia bangili zake za dhahabu, na bangili zenyewe amezivaa. Akanitukana majirani wakisikia, akanyanyua mikono akasema: "Radhi yangu huna, duniani wala akhera." Akaapa kwa Mwenyezi Mungu hatatia kinywani chakula cha mkono wangu. Usiku wa pili nilishindwa, nikamfokea. Jamaa wakasema ni jini. Akafukizwa buhuri, akanyweshwa kombe, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa. Mwisho tukampeleka hospitali, akapimwa mkojo, ikaonekana ana maambukizi ya njia ya mkojo. Kwa dawa amerudi kuwa mamangu yule yule, na hakumbuki lolote. Mimi ndiye silali. Je, laana ile imenishika? Nimwambie aliyoyasema ili aniondolee? Na sala zilizompita?

JIBU: Waalaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwenyezi Mungu amkamilishie mamako afya.

Laana ile haikukushika, binti yangu. Sisi watu wa Pwani tumelelewa tukiiogopa radhi ya mzazi kuliko fimbo, na ni haki kuiogopa. Lakini neno huhesabiwa kwa mwenye akili zake aliyelikusudia. Mtume (s.a.w.) amesema kalamu imeinuliwa kwa watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na asiye na akili mpaka zimrudie. Anayedai bangili zilizo mkononi mwake hajui asemalo.

Hata mzazi mwenye akili timamu, akiapiza kwa hasira, Mola hana haraka naye. Katika Sura Yunus, aya ya 11, Mwenyezi Mungu anasema lau angewaharakishia watu shari kama wanavyoharakia kheri, wangelikwisha malizika. Mujahid, katika wafasiri wa mwanzo, ameieleza kuwa ni mtu anayemuapiza mwanawe au mali yake akighadhibika. Na katika Sahihi Muslim yumo yule aliyempata ngamia wake jangwani baada ya kukata tamaa, akasema kwa furaha, "Ewe Mola, wewe ni mja wangu na mimi ni Mola wako." Neno kubwa hilo, wala hakuandikiwa kufuru. Alikosea kwa wingi wa furaha.

Atatokea wa kukusomea hadithi ya Jabir: msiwaombee mabaya watoto wenu, msije mkakutana na saa ya kukubaliwa dua. Ni sahihi, imo kwa Muslim. Lakini hilo ni katazo, na hukatazwa anayeweza kujizuia. Kiapo chake nacho ni hivyo hivyo: Mwenyezi Mungu hatushiki kwa viapo vya upuuzi ila kwa vilivyokusudiwa na nyoyo (Al-Baqara 225). Hana kafara. Mpikie, ale.

Ama jini, siwakanushi, Qur'ani imewataja. Ninachokataa ni haraka yetu. Madaktari wanalijua vizuri hili la mamako: mzee akipata maambukizi ya mkojo au homa ya mapafu, akili huweza kumvurugika kwa saa chache au siku chache, akaona visivyokuwapo, akamshuku anayemlea. Hutulia kidogo, kisha hurudi, na mara nyingi huzidi jioni na usiku. Huenda mwili usiwe moto wala mkojo usimchome, ndiyo maana watu hawashuku maradhi. Upungufu wa maji mwilini huzidisha, na wazee wetu wengi hujinyima maji ili wasiamke usiku, hata katika joto la kaskazi. Usahaulifu wa uzee huja polepole, kwa miezi na miaka. Kinachokuja ghafla ni cha kupelekwa hospitali siku ile ile, wala si cha kufungiwa chumbani na moshi wa buhuri. Msomee Fatiha, Ayatul Kursi, Falaq na Nas. Gari likielekea hospitali pia kisomo ni kisomo. Mtume ndiye aliyetuamrisha tujitibu.

Ulipomfokea ulikosea, kwani mzazi aliyezeeka haambiwi hata "ah". Lakini isome mpaka aya ya 25 ya Sura Al-Israa: Mola wenu anayajua yaliyomo nafsini mwenu, mkiwa wema, Yeye huwasamehe wanaorejea. Said bin Jubayr, naye katika wafasiri wa mwanzo, amesema anayekusudiwa ni mtu anayeponyokwa na neno kwa wazazi wake, na moyoni hataki ila kheri. Leta toba, basi.

Kumwambia, usimwambie. Hakuna cha kuondolewa, na utamtia aibu mzee kwa jambo asilolikumbuka. Mbusu mkono umwambie, "Mama niombee dua," kama siku zote. Majirani waombe wamsitiri. Na kama kuna kijana alimrekodi kwa simu, maana siku hizi hawakosi, aifute mbele yako.

Kuhusu sala: kwa madhehebu yetu ya Shafi, sala ambayo wakati wake wote ulipita akili zake hazipo haina kadha. Ile ambayo akili zilimrudia kabla ya wakati kutoka, hata ukiwa umebaki muda mfupi, zikatulia kwa kadiri ya kujitwaharisha na kusali, inamlazimu, na kama hakuisali atailipa; ikiwa ni Alasiri, Adhuhuri nayo humlazimu, na ikiwa ni Isha, Magharibi pia. Kwa kuwa hakumbuki, wewe uliyekuwa naye ndiye utakayemsaidia kukadiria. Akiwa bado dhaifu aswali kitako, akishindwa aswali kwa ubavu.

Wallahu aalam.